Vibao vya Dhahabu vya The Drifters: Sauti Nne Chini ya Jina la Tajiri

*Mkusanyo uliotolewa na kampuni ya Atlantic mwaka 1968 ungali unasikilizwa hata leo, ilhali suala la nani mwenye haki ya kuitwa The Drifters limewapeleka mahakamani waimbaji, mawakala na mjane wa meneja.*

Tarehe 21 Mei 1964, katika studio moja mjini New York, wapiga fidla walikuwa wamekwisha kualikwa na saa za kazi zimekwisha kupangwa kwa ajili ya wimbo mpya uitwao "Under the Boardwalk", ambao ulikusudiwa uimbwe na Rudy Lewis, kijana wa miaka 27 aliyekuwa sauti ya kwanza ya kundi la The Drifters kwa zaidi ya miaka mitatu. Lewis hakufika. Usiku uliotangulia mauti yalimkuta chumbani kwake katika mtaa wa Harlem.

Kazi haikuahirishwa. Johnny Moore, mwimbaji aliyepata kuwamo katika kundi hilo miaka ya nyuma, akaliacha kwa ajili ya jeshi, kisha akarejea, alisogezwa mbele ya maikrofoni akaimba kwa utulivu ambao mtu asiyejua habari hawezi kuushuku. Na wimbo ukafika nafasi ya nne katika orodha ya nyimbo zilizovuma Marekani kiangazi kile.

Msomaji asidhani ya kuwa mkasa huu ulikuwa wa nadra. The Drifters ni kundi lililojengwa kwa namna ambayo mwimbaji aweza kuondoka kwa mauti, kwa wito wa jeshi, kwa ugomvi wa mshahara au kwa amri ya meneja, na kesho yake jina likasimama jukwaani palepale liliposimama jana. Ni jambo hilo hasa linaloufanya mkusanyo wa nyimbo zao bora kuwa kitu cha kutafakariwa na wala si cha kuburudisha masikio tu.

Nusu saa na ushei

Mwaka 1968, nyota ya kundi ilipokuwa imekwisha kufifia katika soko la kwao, Atlantic ilitoa sahani ya santuri iliyoitwa "The Drifters' Golden Hits". Ina nyimbo 12, nazo zimepangwa kwa kufuata tarikhi, kuanzia "There Goes My Baby" ya mwaka 1959 hadi "Saturday Night at the Movies" ya mwaka 1964, na mtu aweza kuzisikiliza zote, upande huu na upande ule, kwa muda wa nusu saa na ushei.

Miongoni mwa hizo 12, tano zinaongozwa na Ben E. King, tatu na Rudy Lewis, tatu na Johnny Moore, na moja, nayo ni "True Love, True Love", inaongozwa na Johnny Lee Williams, ambaye jina lake hata wapenzi wengi wa kundi hawalikumbuki. Hizo ni sauti nne katika miaka sita, na zote zimo chini ya jina moja.

Anayetega sikio ataitambua mipaka. King ana sauti nzito yenye unyevu wa machozi, sauti ya mtu anayesihi; Lewis, aliyetoka Philadelphia na aliyepata kuimba nyimbo za dini pamoja na kundi la Clara Ward, ana sauti nyepesi zaidi inayopanda bila ya kujikaza; na Moore ana ulaini wa mtu aliyekwisha kuyaona mengi na asiyetaka kumwonyesha yeyote ya kuwa ameyaona. Lakini asiyetega sikio atapita kutoka wimbo wa sita hadi wa saba, na kutoka wa tisa hadi wa kumi, pasi na kujua ya kuwa amemwacha mtu mmoja nyuma na kumpokea mwingine.

> Sauti nne katika miaka sita, na zote zimo chini ya jina moja.

Jina lilivyopata tajiri

Asili ya kundi ni mwaka 1953, pale Ahmet Ertegun, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Atlantic, alipomtafuta Clyde McPhatter, kijana mwenye sauti ya juu ya kustaajabisha ambaye alikuwa ametoka katika kundi la Billy Ward, akamtaka aunde kundi lake mwenyewe. Wimbo wao wa awali, "Money Honey", uliongoza orodha ya nyimbo za Wamarekani weusi. Mwaka uliofuata McPhatter aliitwa jeshini, na baada ya hapo akaamua kuimba peke yake, akaiuza sehemu yake ya umiliki kwa meneja George Treadwell.

Treadwell hakuwa mgeni katika muziki; alikuwa mpiga tarumbeta, na aliwahi kuwa mume na meneja wa mwimbaji mashuhuri Sarah Vaughan. Aliyafahamu mapato ya jukwaani, na aliifahamu pia thamani ya jina linaloandikwa kwa taa juu ya mlango wa ukumbi. Tangu alipolishika jina la The Drifters, waimbaji wakawa waajiriwa wenye mshahara wa juma, na fedha zinazoletwa na jina zikawa za aliyelimiliki.

Katikati ya mwaka 1958, baada ya kizaazaa katika ukumbi wa Apollo huko Harlem, Treadwell aliwaachisha kazi waimbaji wote kwa mpigo mmoja. Alikuwa bado na ahadi za maonyesho za kutimiza, na jina bila ya watu halina la kuimba; basi akawatazama vijana wa kundi jingine, The Five Crowns, waliokuwa katika orodha ya maonyesho ya ukumbi uleule, akawapa jina la wale waliotoka. Mmoja wa vijana hao aliitwa Benjamin Nelson, na baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ben E. King.

Fikiri, ewe msomaji, hali ya vijana hao walipopanda majukwaa ya miji ya mbali na kukuta watu waliolipa viingilio vyao ili wasikie sauti za mwaka 1954. Jina lilikuwa kanzu ya tajiri, imeshonwa kwa kimo cha mtu mwingine, nao walitakiwa waivae ikawakae. Iliwakaa, tena kwa uzuri kuliko ilivyotarajiwa. Lakini haikuwa yao, na siku ya kuivua walitoka mikono mitupu.

Siku ya fidla

Mwezi wa Machi 1959 vijana hao waliingia studio pamoja na Jerry Leiber na Mike Stoller, waandishi wawili wa nyimbo waliokuwa wakizisimamia kazi zao pale Atlantic. Wimbo ulikuwa "There Goes My Baby", na King alikuwa mmoja wa waliouandika. Aliyekusudiwa kuuimba ni Charlie Thomas, lakini woga ulimshika mbele ya maikrofoni, akashindwa, na ndipo mwandishi wa wimbo akaambiwa auimbe mwenyewe. Kwa tukio hilo dogo mwimbaji mmoja aliingia katika tarikhi na mwingine akabaki katika waitikiaji.

Jambo lililofanyika siku ile halikuwa na mfano katika nyimbo za namna hiyo. Leiber na Stoller walitia fidla, tena nyingi, zilizopangwa na Stanley Applebaum. Wakatia ngoma kubwa za okestra, ambazo mpigaji wake hakuzibadilisha mlio kwa kufuata wimbo, hata zikavuma kama radi isiyojua inakokwenda. Na chini ya vyote hivyo wakaweka mwendo wa ngoma uliotoka Brazil, uitwao baião. Juu ya vurumai hiyo King akaimba kwa mtindo wa kanisani, kama anayemwomba Mungu amrudishie mwanamke aliyemwacha.

Jerry Wexler, mmoja wa wakubwa wa Atlantic, aliposikilizishwa alichukizwa mno, na wimbo ulikaa kwa muda kabla ya kutolewa. Ulipotolewa ulifika nafasi ya pili katika orodha kuu ya Marekani na ya kwanza katika orodha ya Wamarekani weusi. Wapo wanaouhesabu kuwa ni mojawapo ya milango ambayo muziki wa soul uliingilia duniani, na mimi sioni sababu ya kuwapinga, kwa maana ukiusikiliza leo, pamoja na kasoro zake zote, wasikia vitu viwili ambavyo kabla ya hapo havikuwahi kuketi pamoja kwa namna ile: uchungu wa kanisa la watu weusi na anasa ya okestra ya ukumbi mkubwa.

Mwandishi aliyetazama dansi

Wimbo mkubwa kuliko zote katika mkusanyo huu, "Save the Last Dance for Me", uliofika kileleni mwaka 1960, uliandikwa na Doc Pomus na Mort Shuman. Pomus alipatwa na polio tangu utotoni, akatembea kwa magongo. Alimwoa mwigizaji aliyejua kudansi, na kumbukumbu ya kumtazama bibi arusi wake akicheza na wanaume wengine, yeye mwenyewe akiwa ameketi, ndiyo inayosemwa kuwa iliyazaa maneno ya wimbo huo.

Ukiyajua hayo, huusikilizi tena vilevile. Maneno yake kwa juu ni ya mpenzi mwenye moyo mkubwa asiyekuwa na wivu. Kwa ndani ni ya mtu asiyeweza kusimama katikati ya ukumbi. King aliuimba wakati alipokuwa njiani kutoka katika kundi, kwa kuwa aliomba nyongeza ya ujira na sehemu ya haki katika mapato, akanyimwa. Basi mwandishi aliimba wivu wake kwa kinywa cha mwimbaji mwenye manung'uniko yake mwenyewe, na watu mamilioni wakaudansia.

Baada ya King akaja Lewis, na pamoja naye zikaja nyimbo za waandishi vijana waliokuwa wakifanya kazi katika vyumba vidogo vya maofisi kandokando ya barabara ya Broadway. Gerry Goffin na Carole King walileta "Some Kind of Wonderful" na "Up on the Roof". Barry Mann na Cynthia Weil walileta "On Broadway", ambao Leiber na Stoller waliufinyanga upya pamoja nao kabla ya kurekodiwa mwaka 1963. Waandishi hao kwa sehemu kubwa walikuwa Wayahudi wa New York, na waimbaji walikuwa weusi ambao wengi wao asili yao ni majimbo ya kusini. Na mji waliouimba, wenye mapaa ya majumba marefu, taa za maonyesho na ufuo wa bahari uliojaa watu, ulikuwa mji wa pande zote mbili, ijapokuwa hawakuishi katika mitaa ileile.

Katika nyimbo hizo mbili, ule wa paa na ule wa Broadway, ndipo mkusanyo huu unapofika upeo wake kwa maoni yangu. Wa kwanza unamsimulia mtu aliyechoshwa na zogo la barabarani, ambaye hana bustani wala shamba la kukimbilia, akapanda juu ya nyumba ya kupanga ili akae karibu na nyota; wa pili wamsimulia kijana fukara mwenye gita, aliyezungukwa na utajiri asioweza kuugusa, naye bado akiapa ya kuwa hatarudi kwao. Lewis hakupaza sauti katika wimbo wowote wa hizo mbili. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa mbele ya sahani aliimba habari ya kutafuta jina, na sijui kama kuna aliyeliona jambo hilo wakati ule.

Nyimbo tatu za mwisho, za Moore, ni nzuri, lakini ni nzuri kwa namna ya bidhaa iliyokwisha kujulikana kuwa inauzika. Ufuo wa bahari ulipofaulu katika "Under the Boardwalk", ukarudiwa mara moja katika "I've Got Sand in My Shoes". Hapo mkusanyo wapumua polepole, kisha wafika kikomo.

Walioachwa mlangoni

Mkusanyo wowote ni hukumu, na hukumu hii ina walioshindwa. McPhatter, mwasisi, hamo kabisa. Miaka yote tangu 1953 hadi 1958 imekatwa kana kwamba haikuwapo. Charlie Thomas naye, yule aliyeshikwa na woga mwaka 1959, alipata baadaye kuongoza nyimbo mbili zilizofanya vizuri, "Sweets for My Sweet" na "When My Little Girl Is Smiling", na zote mbili hazimo. Hivyo mtu aliyeimba katika kundi kwa miaka mingi kuliko King anasikika humu katika waitikiaji tu.

Mwaka 1988 jumba la heshima la muziki wa rock and roll huko Marekani lilipowatukuza The Drifters, liliandika majina saba: McPhatter, Bill Pinkney, Gerhart Thrasher, Moore, King, Thomas na Lewis. Hapo jumba lilitenda ambalo kampuni haikulitenda, yaani kukiri kuwa nyuma ya jina moja walikuwapo watu.

Kesi iliyoamuliwa na nyimbo za zamani

Treadwell alifariki mwaka 1967, na mjane wake, Faye Treadwell, akaushika usukani wa kampuni. Miaka ya 1970 alilihamishia kundi Uingereza, Johnny Moore akiwa bado mbele, na huko kundi likapata uhai wa pili: mwaka 1974 wimbo wao "Kissin' in the Back Row of the Movies" ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nchi hiyo.

Huku nyuma, Marekani, uwanja ulikuwa umebaki wazi, na wenye kuutaka hawakukosekana. Pinkney, mmoja wa waimbaji wa zama za McPhatter, alikuwa akizunguka na kundi aliloliita The Original Drifters. Wakala mmoja wa maonyesho, Larry Marshak, aliwakusanya waliokuwa waimbaji wa miaka ya King, akiwemo Charlie Thomas. Mwaka 1976 waimbaji hao wakaomba jina lisajiliwe kuwa alama ya biashara, kisha haki hiyo ikawekwa mikononi mwa Marshak. Kwa miaka mingi mkazi wa mji wowote wa Marekani aliweza kukata tikiti ya The Drifters asijue ni Drifters wa nani atakaowaona.

Shauri la Marshak na Faye Treadwell lilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey. Mwaka 1999 ushindi ulikwenda kwa mjane, baada ya kuonekana kuwa alama ile ilisajiliwa kwa hadaa, kwa maana walioiomba walijua kuwa yupo mwenye haki kubwa zaidi. Na mwaka 2001 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Philadelphia ikaithibitisha hukumu hiyo.

Ila jambo la kushika katika hukumu ya rufani ni jibu la swali hili: je, mwanamke aliyeliondoa kundi lake Marekani akalipeleka ng'ambo ya bahari, hakuwa amelitupa jina lake huko alikotoka, hata yeyote apitaye akaliokota? Mahakama ilisema hakulitupa. Nyimbo za zamani zilikuwa zingali zikiuzwa na kupigwa Marekani chini ya jina lilelile, mrabaha ulikuwa ungali ukilipwa, na maadamu jina lilikuwa likiendelea kuchuma katika soko, mwenye jina hakuwa amelitelekeza.

Maana yake, kwa lugha ya duniani, ni kwamba nyimbo zilizokusanywa katika sahani kama hii ya mwaka 1968 zilikuwa ushahidi. Sauti za King, Lewis na Moore, zilizonaswa kwa ujira wa juma, ndizo zilizomhifadhia tajiri milki yake kwa miongo mitatu. Na Charlie Thomas, ambaye koo lake limo katika kanda hizo, alikuwa upande ulioshindwa.

> Sauti zilizonaswa kwa ujira wa juma ndizo zilizomhifadhia tajiri milki yake.

Mizani ya hoja

Hoja ya upande wa tajiri si ya kudharauliwa. Aliyeajiri waimbaji, akawatafutia nyimbo, akawapeleka kwa Leiber na Stoller, akabeba hasara ya maonyesho yaliyokosa watu, na akalilinda jina wakati waimbaji wenyewe wakija na kuondoka, ana haki ya kusema kuwa kitu kilichodumu ni kazi yake. Lau jina lingekuwa mali ya kila aliyepata kuliimbia, yangekuwapo makundi ya The Drifters kwa idadi ya waimbaji wake, nao walikuwa makumi. Na msikilizaji ndiye angedhulumika.

Hoja ya waimbaji ina uzito wa namna nyingine. Hakuna aliyeipenda sahani hii kwa ajili ya mkataba. Watu walimpenda mtu aliyeimba, wakadhani wanamlipa yeye, kumbe fedha ilipita mbele ya mlango wake ikaenda nyumba ya pili. Mwimbaji akiondoka katika kundi la namna hii hawezi kuandika juu ya tangazo lake jambo ambalo kila mtu analijua kuwa kweli, yaani kwamba sauti ile ni yake, ila kwa kuchunga maneno asije akashtakiwa.

Baadaye majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yalitunga sheria za kuzuia makundi ya uongo, na katika waliozipigania alikuwamo Mary Wilson wa The Supremes, aliyeyajua machungu hayo kwa nafsi yake. Kwa jumla sheria hizo zataka kundi linalotumia jina maarufu liwe na angalau mtu mmoja aliyeimba katika rekodi za asili, au liwe ni la mwenye kumiliki alama ya biashara. Neno hilo "au" ndilo mlango ambao tajiri amepita akiwa salama.

Kwa insafu yangu, sheria ilikuwa sahihi kumpa mjane jina, kwa kuwa mumewe alilinunua na yeye akalitumikia. Lakini ilikuwa dhulma tangu awali, kabla ya mahakama yoyote, kuuza sauti za watu bila ya kuyaandika majina yao mbele ya kazi yao. Dhulma hiyo haihitaji hakimu kuiondoa. Yahitaji mpiga chapa.

Soul na watu wa kwetu

Msomaji wa Dar es Salaam aweza kuuliza haya yanamhusu nini. Waama, muziki wa soul ulipata kuwa jambo la serikali katika mji huu: mwezi wa Novemba 1969 ulipigwa marufuku, kwa hoja kuwa unawapotosha vijana na kuwatenga na utamaduni wa taifa, na mabishano yakaenea magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakiuliza kwa nini muziki wa watu weusi wenzao uhesabiwe kuwa mgeni.

Suala la mwimbaji mwenye mshahara na jina lisilo lake nalo twalijua. NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wake wakiwa waajiriwa, ilibadili jina likawa Juwata, kisha OTTU, kwa kuwa chama chenyewe kilibadilika. Na mwimbaji wake Muhiddin Gurumo alipoondoka mwaka 1978 na kwenda bendi ya Mlimani Park, jina alilolitumikia aliliacha nyuma yake. Hata hivyo watu wa huku walimjua Gurumo kwa jina la Gurumo, wakamfuata alikokwenda. Rudy Lewis hakupata bahati hiyo akiwa hai wala alipokufa.

Mnunuzi ajihadhari

Leo mkusanyo wa mwaka 1968 si mmoja tena sokoni. Nyimbo zilezile, kwa majina yaleyale, zimekwisha kurekodiwa upya mara nyingi na waimbaji wa vikundi mbalimbali vya The Drifters, na rekodi hizo za baadaye huuzwa kwa bei nafuu, au huwekwa katika mitandao ya muziki chini ya jalada lenye picha ya zamani. Nyingi si za kuchukiza, lakini fidla zake ni za kinanda cha umeme, na anayeimba si yule unayemtafuta. Vivyo hivyo kumbi: The Drifters wa leo, wanaofanya kazi Uingereza chini ya usimamizi wa Tina, binti wa akina Treadwell, ni kundi halali kisheria, nao hawamdanganyi mtu anayejua anachokinunua.

King alifariki mwaka 2015, Moore mwaka 1998, na Thomas mwaka 2023. Hapana tena katika hao wa kuulizwa.

Kwa hiyo, msomaji anayetaka kuzisikia nyimbo hizi kama zilivyokuwa, atafute jina la Atlantic na miaka ya kurekodiwa kati ya 1959 na 1964 kabla ya kutoa fedha yake. Akikuta maneno yanayosema kuwa zimerekodiwa upya, au asipokuta mwaka wowote, aiache sahani hiyo. Na wale wenye kuchapisha mikusanyo ya namna hii, ya Marekani au ya kwetu, waandike kando ya kila wimbo jina la aliyeuimba. Gharama yake ni mstari mmoja wa wino.